Niliposema Ukumbi wa Kamachumu Umeanguka

Mmenichosha kwa maswali pale kijiweni mtaani Bakoba, kila mmoja na kipande chake cha uvumi: kwamba nilitaka kumuua mzee wa watu kwa simu, kwamba nilifukuzwa Kamachumu kwa fimbo, kwamba nilikwenda kuiba miti. Basi naandika mara moja, mpokezane karatasi, mniache ninywe kahawa yangu. Kutoka Bukoba hadi Kamachumu, mtu mwenye haraka hufika kabla chai ya asubuhi haijamshuka tumboni. Mimi ilinichukua siku tano, kwenda, kurudi na kwenda tena, na kila saa iliyopotea naikumbuka kwa jina la mtu aliyeipoteza. Mmojawapo ni mimi mwenyewe, na hapo ndipo penye kisa.

Kahororo, ambako safari ilikataa kuanza

Ta Kaijage, huyo mzee wa watu, ni msanifu majengo. Wengi wenu mnaijua nyumba yake pale Kahororo bila kumjua yeye: ile ya udongo mwekundu inayopanda kama kichuguu, yenye matundu juu, ambayo watoto wa shule huipigia miluzi. Nilibisha hodi miaka miwili iliyopita kwa sababu nilitaka kujua yale matundu ni ya nini. Niliacha shule darasa la sita, nikazunguka na meli, machimbo na malori, na mpaka leo siwezi kupita mbele ya kitu nisichokielewa. Akaniambia matundu hutoa hewa ya moto, kama mchwa wafanyavyo kwao. Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilitoka jioni.

Mkewe, Ma Justina, alinimiminia uji siku ile akanipa upande wake wa habari.

"Mume wangu anapenda duara. Sawa. Lakini kila kitu kinachouzwa dukani kina pembe. Angalia kabati langu, limesimama katikati ya chumba kama mgeni aliyenyimwa kiti."

Tangu Ta Kaijage apate kiharusi, mguu wake wa kushoto haumtii, na barabara ndiyo kabisa haiwezi. Ndiyo maana aliniita Ijumaa moja. Alikuwa amewachorea wanawake wakulima wa kahawa wa Kamachumu ukumbi wa mikutano na harusi: mviringo, nyasi kutoka kileleni mpaka chini, mfano wa omushonge, nyumba ya kale ya Wahaya, ila mkubwa kuliko wowote uliowahi kujengwa. Kazi ilikuwa imeanza. Sasa watu waliopita kule walimwambia hawaoni nguzo hata moja.

"Nenda ukanitazamie," alisema.

"Ta, si umpigie fundi?"

"Fundi hana simu. Na mwenyekiti wa hao wanawake ataniambia kila kitu ni kizuri, maana ananiheshimu. Nataka mtu asiyeniheshimu."

Nilitaka kukasirika, lakini sikuona pa kuanzia.

Akanieleza kilichomkaa rohoni. Aliporudi na vyeti vyake, angali kijana, aliuchorea mji wa Bukoba ghala la matofali, pembe nne, kuta zimenyooka kama daftari. Siku ya lile tetemeko kubwa ghala lilifunguka kwenye pembe, likamlalia mlinzi wake. Siku zilizofuata Ta Kaijage aliutembea mji mzima kwa miguu, kutoka Hamugembe hadi ziwani, akiangalia kilichoanguka na kilichosimama. Kuta zilikuwa zimepasuka penye pembe. Migomba ilikuwa imesimama. Vichuguu vilikuwa vimesimama. Kibanda cha nyasi cha bibi mmoja wa Hamugembe kilikuwa kimesimama, moshi unapenya juu, bibi yumo ndani anapika kama hakusikia kitu. Kuanzia hapo hakuchora pembe tena. Anasema vyuo vilimpa karatasi, ila mji ulimfundisha kazi.

"Sikiliza, Projestus. Ukikuta umeanguka, usinifiche. Nitamwambia mwenyekiti wajenge wa matofali na bati kama watu wengine, na mimi nitaweka kalamu chini. Sitazika mtu wa pili."

Jumamosi nilikuwa tayari alfajiri. Ta Kaijage hakuwa tayari kuniachia. Alisema siwezi kuelewa majengo yake kabla sijaelewa jani la mgomba, akanisimamisha uani, kwenye mvua, nimelishika jani zima juu ya kichwa. Upepo ukaja kutoka ziwani, jani likachanika vipande vipande mikononi mwangu.

"Umeona? Jani linakubali kuchanika ili mgomba usivunjike. Umeona?"

"Nimeona, Ta. Na gari limeniacha."

Muhutwe, nilikogeuzwa fundi wa mfereji

Nilipata lifti ya Deogratias, mfanyabiashara anayepeleka mabati vijijini kwa pikapu. Mabati yalikaa nyuma yakipiga kelele kila shimo, mimi nikakaa mbele nikimsikiliza yeye. Aliniapia hatasimama popote. Kemondo tukasimama anunue samaki. Muuza samaki alikuwa shemeji yake, na shemeji hasalimiwi dirishani. Deo akashuka, akaketi, akaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Nami nikaletewa, maana kukataa ni kutukana nyumba. Nilitafuna buni moja moja nikiangalia magari yote ya Muleba yakitupita.

Tuliporudi barabarani akaniuliza nakwenda kufanya nini hasa. Nikamwambia nakwenda kuangalia jengo la nyasi. Alicheka mpaka gari likapunguza mwendo, na mwendo wenyewe haukuwa wa kupunguza.

"Babu yangu alizaliwa kwenye nyasi. Baba yangu akalima kahawa maisha yake yote ili atoke kwenye nyasi. Leo msomi anatuambia turudi kwenye nyasi. Na yeye mwenyewe analala wapi?"

"Kwenye kichuguu."

"Haya," akasema Deo. "Sina la kuongeza."

Akanishusha Muhutwe, kwa sababu Ta Kaijage aliniagiza nilitazame darasa la chekechea alilolijenga pale. Paa lake ni jani la mgomba, jani moja kubwa la vigae, na katikati unapita mfereji kama ule uti wa jani, unaokusanya maji ya pande zote mbili. Nikasema hapa sikai hata nusu saa. Mwalimu Editha, anayeishi jirani na darasa lake, alinikuta nimelikodolea macho paa.

"Umetoka kwa msanifu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umechelewa miezi miwili. Ngazi hii hapa."

"Mwalimu, mimi nimekuja kuangalia tu."

"Basi angalia ukiwa juu."

Niliapa kwa jina la mama yangu kwamba si fundi. Akasema mafundi wote husema hivyo wakiona mvua. Nilikaa juu ya paa lile mpaka alasiri, nikichokoa majani ya mkaratusi, kiota cha ndege na kiatu kimoja cha mtoto. Mfereji ulipofunguka, maji yote ya jani zima yalishuka mahali pamoja kama bomba lililopasuka.

"Sasa umeona," Mwalimu Editha alinipigia kelele kutoka chini. "Hapo yanapomwagika ndipo watoto wanapopanga mstari. Huyo bwana aliuliza mgomba, hakuniuliza mimi!"

Nikamwambia kwa hasira kwamba wakiondoa paa hilo na kuweka bati, tatizo litakwisha. Akanitazama kama nimetukana.

"Bati? Mvua ikipiga bati nafundisha kwa ishara. Humu ndani nasikika mpaka mwisho wa darasa. Nataka mfereji wangu ugeuzwe, sitaki paa langu liguswe."

Mvua haikukatika. Nikalala kwa kaka yake, nguo zangu zikianikwa juu ya jiko na zikitoka asubuhi zinanuka moshi na dagaa.

Kupanda Kamachumu

Jumapili nilikodi pikipiki. Katikati ya mlima gurudumu la nyuma likaisha upepo. Dereva akasema pampu anayo rafiki yake. Rafiki yake yuko wapi? Yuko misani. Misa inakwisha saa ngapi? Leo kuna ubatizo. Nikataka kwenda kwa miguu, lakini akaniomba kwa upole sana nisimwache peke yake na chombo, na mimi nina udhaifu kwa watu wapole. Tukaisukuma ile pikipiki kilima chote hicho, tukipitwa na akina mama wenye mafungu ya kuni kichwani waliotupa pole bila kupunguza mwendo.

Nilifika Kamachumu alasiri, mguu umevimba, ukungu umeshuka mpaka kwenye mashina ya migomba. Nikaonyeshwa kiwanja. Nikasimama barabarani nikachungulia kati ya migomba.

Kitu kikubwa cha fito kilikuwa kimelala chini, kipana, kimechongoka kidogo katikati, kama kofia iliyodondoshwa na mtu mrefu kuliko miti. Kukizunguka kulikuwa na mashimo ya nguzo. Hayakuwa na nguzo, yalikuwa na maji. Nguzo zenyewe zilikuwa zimelala pembeni kwenye rundo. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Ningeweza kuvuka ile migomba, hatua mia hivi. Mguu uliniuma, nilikuwa nimelowa, nilikuwa nimeshachoka na majengo yote ya dunia. Nikatoa simu.

"Ta, umeanguka."

"Wote?"

"Kilele kiko chini. Nguzo zimeng'oka. Mashimo yana maji."

"Kuna mtu chini yake?"

"Hakuna mtu, Ta. Ni Jumapili."

Nilimsikia akipumua.

"Ahsante kwa kutonionea haya," akasema, na betri yangu ikafa hapo hapo.

Gesti niliyolala haikuwa na umeme. Nilikula ndizi na maharage yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, chakula kizuri, na sikukisikia ladha.

Kamachumu, Jumatatu asubuhi

Nilirudi kiwanjani kwa sababu nilitaka kuona ulivyoanguka. Hata msiba una namna yake. Nikavuka migomba, nikakuta mzee ameketi ndani ya ile kofia, miguu ameinyoosha, anafunga fito kwa kamba za mgomba. Huyu ndiye Ta Bashaija, fundi.

"Karibu, tata," akasema. "Pita upande huu, usikanyage matete yangu."

"Mzee, pole kwa ajali."

"Ajali gani?"

"Ya ukumbi."

Akaitazama kazi yake, akanitazama mimi, akainama akatazama na chini yake.

"Ulisimama lini hata uanguke?"

Nikamwonyesha mashimo. Nikamwonyesha nguzo kwenye rundo. Nikamwambia kilele kiko chini, na kilele cha nyumba hakikai chini. Mzee akafungua kifuko, akanipa kahawa ya kutafuna, akangoja nianze kutafuna kabla hajajibu.

"Kikapu unaanza kukisuka wapi?"

"Kwenye kitako."

"Kigeuze kikapu. Kitako kiko wapi?"

"Juu."

"Haya."

Akaniacha nitafune na hilo. Halafu, kwa kuwa aliona kichwa changu ni kizito, akanionyesha. Omushonge huanza na kilele, kinasukwa chini ambapo mikono inafika. Pete ya kwanza ni ndogo kama ungo, ya pili inaizunguka, ya tatu inaizunguka hiyo. Ikifika upana fulani majirani wanaitwa, wanainua, inaegemezwa kwenye vijiti vya panda vifupi, na fundi anasuka pete nyingine chini yake. Wanainua tena, vijiti virefu zaidi. Nyumba inapanda hivyo kidogo kidogo, na nguzo za ndani zinaingia mwisho, kupokea mzigo ambao tayari unajishika wenyewe.

Akanipa fito nifunge naye. Nilifunga vibaya, akafungua, nikafunga tena. Mimi ni Mhaya, nimezaliwa kwenye kibanja, shamba la ndizi, kama nyinyi, na sijawahi kuona omushonge ukijengwa. Nimeona uliokwisha, wa kupigia picha. Nyinyi je?

"Lakini, Ta, mchoro wa msanifu unaanza na nguzo."

"Niliuona. Ni mzuri mno ule mchoro. Unaonyesha nyumba ikiwa imekwisha."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nani alikuja kuniuliza?"

Hapo ndipo alipofika mama mmoja wa kikundi, anahema. Akasema mwenyekiti wao, Ma Adventina, alipigiwa simu jana na msanifu mwenyewe. Ukumbi umekufa, kazi isimame, na mwenyekiti ameshakwenda Muleba kununua mabati. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua kamba nyingine.

"Umesikia?" nikamuuliza. "Wanasimamisha kazi!"

"Nimesikia. Wewe ndiye uliyepiga simu?"

Aliona jibu usoni mwangu, akarudi kwenye kufunga.

Nilikimbia kwenye duka lenye sola, nikachaji simu kiasi cha kusema maneno machache, nikapiga Kahororo. Akapokea Ma Justina.

"Ma, mpe Ta simu."

"Haongei na mtu. Amegeukia ukutani tangu jana, na katika nyumba hii kugeukia ukutani ni kazi."

"Mwambie haujaanguka!"

"Jana umemwambia umeanguka, leo nimwambie haujaanguka? Projestus, huyu mtu ana moyo mmoja tu. Kama una neno, njoo umwambie usoni."

Muleba, kwenye duka la mabati

Nilimkuta Ma Adventina mchana, ila kumkuta hakukuwa kuongea naye. Alikuwa mezani kwa dada yake nyuma ya duka, na alisema haongei mambo ya nyumba na mtu mwenye njaa. Nikala. Nikaongezewa. Nikala tena. Kupitia dirishani nilikuwa naona mabati yakipakiwa kwenye gari, na nani yuko juu ya gari anayapokea? Deogratias, anapiga mluzi.

Mwishowe mama akanawa mikono, akanigeukia. Ni mwanamke mfupi, na mnaijua ile namna ya kutazama ya watu wanaopima kahawa kwenye mizani.

"Wewe ndiye uliyeona umeanguka?"

"Ndiye mimi, Ma."

"Na wewe ndiye unayeona haujaanguka?"

"Ndiye mimi."

"Hayo macho yako umeyapata lini?"

Dada yake alicheka mpaka akakohoa. Nikaeleza kikapu, pete na vijiti vya panda. Ma Adventina alisikiliza kwa haki, nakubali.

"Bibi yangu alikuwa na omushonge," akasema. "Sikumbuki ulivyojengwa, nakumbuka ulivyovuja. Mimi nina wanawake wanaotaka ukumbi kabla ya mavuno. Msanifu ameniambia kwa kinywa chake niache. Wewe sikujui. Nitangoja neno lake mpaka kesho adhuhuri. Likija la kuacha, au lisipokuja, Deogratias anapandisha mabati."

"Nimekusikia, Ma. Lakini yule mzee ndiye anayejua."

"Mzee akikosea, jengo litamuua nani? Sisi ndio tutakaokuwa ndani."

Ta Kaijage mwenyewe angesema hivyo hivyo.

Deo, gari lake limepakiwa nusu na Ma Adventina ameamuru lisiende mbele, alishuka akiwa amenuna.

"Yaani nimekwama kwa sababu yako?"

"Umekwama kwa sababu ya Ta Kaijage. Nipeleke kwake."

"Na mabati?"

"Yatatupigia muziki."

Alinipeleka, lakini mnajua kilichokuwa Kemondo. Shemeji alisema hatuwezi kupita mara mbili katika siku tatu bila kula kwake, na baada ya kula alisema hatuwezi kuendelea na mvua ile. Nikalala Kemondo, nusu ya safari, nikiwa na neno la kumwokoa mtu mdomoni, ubavuni mwa gunia la dagaa.

Kahororo, Jumanne

Ta Kaijage alikuwa amekaa kitandani, hajanyoa. Nikasema yote kwa pumzi moja. Nilidhani atafurahi. Akawaka.

"Nguzo hutangulia! Kila jengo linaanza na msingi, linapanda. Huyo fundi anacheza na roho za watu! Na wewe, hukuweza kutembea hatua mia?"

"Sikutembea, Ta. Nilikuwa nimechoka."

"Umechoka! Mimi nimelala siku mbili nikimwona yule mlinzi!"

Ma Justina akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Sikujitetea. Nikamuuliza tu Ta Kaijage kikapu anaanza kukisuka wapi.

Akageuza kiganja chake kizima juu chini, kama anapindua kikapu.

"Nimeupima omushonge," akasema taratibu. "Nimeuchora kwa ndani na kwa nje. Yule bibi wa Hamugembe nilimuuliza kwa nini nyumba yake haikuanguka. Sikumuuliza ilianzaje." Kisha akasema, "Nionyeshe."

Nikavunja fagio la Ma Justina, kelele zake mnaweza kuzifikiria, nikachukua kamba za mgomba uani, nikaanza kufunga kwenye meza kama Ta Bashaija alivyonifundisha. Pete ndogo, pete kubwa, inua, egemeza, pete nyingine. Kilitoka kitu kibaya kama kiota cha kunguru. Saa ilikuwa imeshapita tano. Deo alikuwa nje anapiga honi.

Ta Kaijage akakitazama kwa karibu sana, jicho moja limefumbwa. Kisha akaishika meza kwa mkono wake mzima, akaitikisa. Aliitikisa kwa nguvu, kikombe kikaanguka kikavunjika, miwani yake ikaanguka. Kiota changu kilicheza, kikalala upande, kikarudi. Akatikisa tena. Kikaacha njiti moja, kikasimama.

"Kule kuna nguzo pia, mwishoni?" akauliza.

"Zinaingia mwisho, amesema. Za kwako zile zile."

"Na ukianguka?"

"Sijui, Ta. Mimi nimeshakosea mara moja wiki hii."

Akaomba simu. Ma Adventina anaongea na mtu mwingine. Akapiga tena, bado anaongea. Huyo mwanamke alitupa adhuhuri, na adhuhuri yenyewe alikuwa anaitumia kupiga soga! Mara ya tano akapatikana.

"Adventina, mwanangu. Mabati yarudi dukani." Akasikiliza. "Kwa neno langu." Akasikiliza tena, na niliona shingo yake inakakamaa. "Hapana. Ukumbi ukiua mtu, itakuwa nimemuua mimi, si yule mzee. Jina lililo kwenye mchoro ni langu, na liendelee kuwa langu. Mwambie afuate mikono yake."

Akakata simu, akanitazama.

"Kesho wanainua. Utakwenda."

"Ta! Nimetoka huko sasa hivi!"

"Mimi siwezi kwenda. Utakwenda, utasimama karibu, tena karibu sana, na utanipigia."

Kamachumu tena

Deo alinipandisha yeye mwenyewe, gari tupu, mabati yamesharudi dukani, mapema Jumatano. Kemondo alipita bila kusimama, amekaza shingo asimwone shemeji. Nilijua sasa kwamba jambo limemgusa, au ameudhika kupita kiasi.

Kiwanja kilikuwa kimejaa. Wanawake wa kikundi, waume zao, watu waliokuja kuona aibu ya msomi na waliokuja kuona kazi ya mzee. Mwalimu Editha hakuwepo, lakini alinitumia ujumbe kuhusu mfereji. Ta Bashaija alikuwa anazunguka kazi yake na kifimbo, akiwapanga watu kama mwalimu wa kwaya. Akanyoosha kifimbo.

"Yuko wapi yule aliyesema umeanguka?"

Wote wakageuka. Deo akanisukuma mbele.

"Njoo hapa, tata. Shika hapa. Wewe utainua upande inakotoka mvua."

Nikashika pete ya nje kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa na simu, na kwenye simu alikuwepo Ta Kaijage, anapumua.

Mzee akatoa sauti, tukainua. Sikutegemea uzito ule. Fito zililia zote kwa pamoja, kama mtu mzima anayenyanyuka kitini. Vijiti vya panda vikapigwa chini yake haraka. Ukasimama.

"Sasa uko wapi?" Ta Kaijage akauliza.

"Magotini."

Ta Bashaija na wasaidizi wake wakasuka pete nyingine chini yake, sisi tukitafuna kahawa na kujinyoosha migongo. Ilichukua muda, mkiwa mnataka kujua. Ma Adventina alitembea kuuzunguka mara tatu bila kusema kitu, halafu akavua viatu, akaja kushika karibu yangu. Tukainua.

"Sasa?"

"Kiunoni, Ta."

"Unayumba?"

"Unayumba. Sisi wote tunayumba nao."

"Nyufa? Sikiliza penye maungio. Unasikia mlio wa kukatika?"

Nikatega sikio. Nilisikia kamba zikijikaza, watu wakitukanana kwa mapenzi, na Ma Adventina akihema.

"Sisikii, Ta."

"Usiniheshimu, Projestus."

"Sikuheshimu. Sisikii mlio."

Pete nyingine ikafungwa. Safari hii mzee aliwaongeza watu, akabadilisha vijiti, akapima kwa urefu wa mkono wake kila upande. Ukaja mwinuko wa tatu. Nilikuwa nainua kwa mkono mmoja na upande wangu ukaanza kubaki nyuma, ukingo wote ukainama kuelekea kwangu.

"Wewe wa Bukoba!" Ta Bashaija akafoka. "Unainua au unahutubia?"

Wanawake wakacheka, na mzigo ukaniegemea.

"Sasa uko wapi?" Ta Kaijage alikuwa anauliza. "Projestus? Uko wapi sasa?"

"Kifuani!" nikasema. Nikaitia simu kwenye mfuko wa shati bila kuikata, nikashika kwa mikono yote miwili, na yaliyofuata, ukumbi ukipanda mpaka juu ya vichwa vyetu, aliyasikia mwenyewe.